Mti umejaa majani lakini hauzai: fanya hivi kabla hujaukata

Kila wiki lazima nitumiwe picha moja ya aina hii. Mtungule umesimama wima, kijani mpaka unameremeta, majani mapana kama kiganja, halafu chini ya picha maneno ni yale yale, "kaka mbona hauzai?" Wiki iliopita ilikuwa mndimu wa mtu wa Likoni hapa Mombasa, kabla yake mpasheni uliofunika geti zima la nyumba huko Bamburi na haujatoa hata tunda la kuonja, na kabla yake bogavilea. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti kwa hivo nimeandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii. (Nasema tungule, si nyanya, makusudi. Kwetu nyanya ni mama wa mama, na yeye pia yumo humu ndani, tusije tukachanganya.)

Wala usione haya, mimi mwenyewe nilianza hivo hivo. Nilikuwa na ndoo kumi na mbili juu ya paa la flati, nikaleta gunia la mavi ya kuku kutoka kwa jamaa anayefuga, nikachanganya nusu mchanga nusu mavi nikidhani naifanyia karamu. Baada ya miezi miwili mitungule ikanifika kifuani. Maua? Manne, na yote yakapukutika. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mmoja mtu mzima, alikuwa na mche mmoja tu ndani ya kopo la rangi, udongo wenyewe wa kuokota, na wake umeinama kwa uzito wa tungule. Akinipita kwenye ngazi ananipa mbili tatu, "za kachumbari mwanangu". Aibu ile ndo ilonisomesha.

Nadharia kidogo, dakika moja tu

Mmea unatengeneza sukari kwa majani na jua, na unakula naitrojeni, kile chakula cha majani kilichomo kwenye mbolea, kwa mizizi. Naitrojeni ikiwa nyingi mno, kila sukari inayotengenezwa inaingia kujenga majani mapya na matawi mapya, hakuna kinachobaki cha kuweka ua. Naitrojeni ikipungua kidogo, sukari inajikusanya, na hapo mmea unaanza kuzaa. Ikipungua sana mmea unakuwa hoi na hauzai vilevile. Haya si maneno yangu, Kraus na Kraybill waliyaonyesha huko Oregon, Marekani, mwaka 1918, na mmea walioutumia ulikuwa tungule. Baadaye wataalamu wameongeza mambo ya homoni na mengine mengi, lakini kwa mtu mwenye ndoo na jembe hesabu ile bado inamtosha.

Sasa kuna kitu watu wengi wanakosea hapa. Mti ulionona, yaani ulioshiba naitrojeni ukawa majani matupu, na mti tasa si kitu kimoja. Ulionona unaweza kuurudisha. Tasa, hata uuweke njaa mwaka mzima, hauna la kukupa. Ndo maana hatua ya kwanza hapo chini ni ya kutambua, na tafadhali usiiruke.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkasi wa kupogolea au kisu kikali, na spiriti kidogo ya kukipangusa
- Penseli ya kawaida ya shule (utaona ya nini)
- Brashi ndogo ya rangi, zile za watoto wa shule
- Maji matamu, ya kutosha kumwagilia vizuri siku moja. Maji ya kisima cha chumvi usiyategemee kwa kazi hii
- Daftari ama noti kwenye simu ya kuandika tarehe
- Jina la mbolea uliotia mara ya mwisho na lini. Hukumbuki? Basi jibu la suali lako huenda liko hapo hapo

Huhitaji dawa ya kuleta maua. Utaiona dukani, chupa ina picha ya ua, muuzaji atakwambia weka kifuniko kimoja. Iwache kwanza.

Hatua ya 1: Tambua una shida gani

Jiulize mambo manne kwa mpangilio huu.

Una umri? Mti uliotokana na mbegu una utoto wake, na wakati wa utoto hauzai hata ufanye nini. Mwembe wa kokwa unaweza kukaa miaka 5 hadi 8, wa kupandikiza unaanza kama mwaka wa 3 au wa 4. Mndimu wa mbegu vilevile unachukua miaka kadhaa, na ukiwa bado mtoto utaujua kwa miba mirefu na matawi yanayokwenda juu moja kwa moja kama fimbo. Mtu ananiambia mwembe wake hauzai, namuuliza una miaka mingapi, ananiambia miwili. Jamani.

Ni mti uleule ulionunua? Kama ni wa kupandikiza, chuchumaa uangalie chini kwenye kovu la kiungo. Saa zingine kile kikonyo kizuri kilichopandikizwa kilikufa zamani na wewe unalea mti wa chini, mara nyingi ile limau kali ya ngozi ya mikunjo, unaulisha na kuunywesha ukingojea ndimu. Chochote kinachochipuka chini ya kovu kitoe.

Una jinsia gani? Mpapai dume unatoa maua mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, unanukia vizuri, na hautazaa kwa sababu ni dume, basi. Jike maua yake yamekaa karibu na shina, moja moja ama mawili matatu, na kila ua lina kipapai kidogo ndani yake. Kuna na ule wenye vyote viwili unaojizalia wenyewe. Ukiwa na madume matano na jike mmoja ng'oa manne.

Uko peke yake? Pasheni ya njano, ndo inayopandwa sana hapa pwani kwa sababu ile ya zambarau inapenda kule juu kwenye baridi, haikubali chavua yake yenyewe. Chavua ni ule unga wa ua. Mpasheni mmoja peke yake getini utatoa maua mazuri ya kupiga picha na yote yatadondoka. Unahitaji wa pili uliotokana na mbegu nyengine, si kipande ulichokata kwenye ule ule wa kwanza, manake hicho ni ule ule tu.

Kama majibu ya yote manne ni sawa, na mti wako bado ni majani matupu, basi umenona. Hakikisha hivi. Kwa tungule shuka kama sentimita 15 kutoka kileleni, weka penseli kando ya shina. Shina likiwa sawa na penseli ni zuri. Likiwa nene kama kidole gumba, majani ya juu yamejikunja kwa ndani kama ngumi na rangi ni kijani cha giza, umenona huo. Likiwa jembamba kama kijiti cha mshikaki na majani yamepauka, huo una njaa, na ukiuacha bila mbolea kwa sababu umesoma hapa utaumaliza.

Kwa mwembe chukua jani la mwisho la tawi ulifinye kiganjani. Likikunjika laini kama kitambaa, hasa yale mekundu mekundu, tawi bado liko kwenye kukua. Likivunjika na kulia kama karatasi kavu, tawi limekomaa na liko tayari. Mwembe unaosukuma majani mekundu kila baada ya muda mfupi mwaka mzima ndo ule unaolala karibu na bomba ama shimo la maji machafu, nenda ukatazame utaniambia.

Hatua ya 2: Pima jua

Hii ni rahisi na ndo inayorukwa. Simama ulipo mmea saa mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi jioni. Andika kama jua linaupiga. Tungule, pilipili, ndimu, bogavilea, zote zinataka jua la moja kwa moja kama masaa sita kwa siku, likizidi bora. Kwenye kivuli mmea unarefuka kutafuta mwangaza, na sukari haipo ya kuwekea maua, hata ukipunguza mbolea hautabadilika. Flati za mjini balkoni nyingi zinapata masaa mawili matatu tu. Kama huwezi kuisogeza ndoo, panda kitu cha majani. Mchicha, rehani, mnanaa. Hakuna haja ya kugombana na jengo.

Hatua ya 3: Kata naitrojeni

Acha mara moja mavi ya kuku, na zile mbolea za dukani, urea na CAN. Urea ni asilimia 46 naitrojeni tupu, CAN kama 26, na mavi ya kuku ndo makali kuliko mavi yote ya mifugo tunayotumia. DAP, mbolea ya kupandia, nayo watu wanaiona ni ya mizizi tu lakini ina 18 ya naitrojeni ndani yake, kwa hivo isikupite.

Kwenye ndoo au kopo: toa udongo wa juu kama vidole vitatu, weka udongo mpya usio na samadi, halafu mwagilia maji matamu mpaka yatoke chini kwa wingi, ngoja nusu saa, rudia mara mbili. Naitrojeni inaoshwa na maji haraka. Hakikisha ndoo ina matundu, nimeshaona mtu anaosha ndoo isio na tundu, akawa amepika supu ya mizizi.

Ardhini: huwezi kuosha hivo, lakini unaweza kuajiri walaji. Panda mchicha kuzunguka, unafyonza naitrojeni kwa uchu na wewe unapata mboga. Ama omba unga wa mbao kwa fundi seremala (mbao zisizo na rangi wala dawa), uchanganye na udongo wa juu. Vijidudu vinavyouozesha vinakula naitrojeni ya udongo kwa muda, mti unabaki kufunga.

Onyo: usifanye hili kwa mmea uliopauka. Na usitarajie kitu kesho. Tungule utaona vitumba vya maua baada ya wiki mbili tatu. Mti mkubwa ni msimu mzima.

Hatua ya 4: Jivu, pole pole

Utaambiwa tia jivu, lina potasiamu, linaleta matunda. Ni kweli jivu lina potasiamu na halina naitrojeni, na mtu wa bara mwenye udongo wenye asidi linamsaidia. Lakini kisiwani hapa na Nyali na sehemu nyingi za ufuoni chini yetu ni matumbawe, udongo wenyewe ni wa chokaa tayari. Ukiongeza jivu unaongeza chokaa juu ya chokaa, mndimu unashindwa kuchukua madini ya chuma, majani machanga yanakuwa manjano na mishipa yake inabaki kijani. Ukiona hivo na umekuwa ukitia jivu, ndo hilo. Kama uko kwenye udongo mwekundu usio wa matumbawe, ngumi moja kwa mti kila baada ya miezi kadhaa haidhuru.

Mtu wa ndoo akitaka potasiamu aulize dukani salfeti ya potasiamu, na afuate kipimo cha kwenye pakiti. Maganda ya ndizi si mbaya yakioza vizuri kwenye mboji lakini hayatageuza mmea ulionona, tusidanganyane.

Hatua ya 5: Kiu, kwa wale wanaoitaka tu

Hapa ndo panapotofautisha. Mndimu, mwembe na bogavilea zinatoa maua baada ya kupumzishwa maji. Tungule, matango, matikiti na pilipili hazitaki kiu hata kidogo, ukizikausha zinaangusha hata maua zilizokuwa nayo.

Mndimu wa kwenye pipa: acha kumwagilia mpaka uone majani yamelegea saa saba mchana, lakini jioni yanasimama tena. Ushike hapo hapo siku kadhaa, ukitia kikombe cha maji tu usife. Siku majani hayasimami tena asubuhi, umevuka mpaka. Kisha siku moja mwagilia maji mengi, mpaka chini. Kama mti ni mzima na umekomaa utaona vitumba vyeupe baada ya wiki tatu nne hivi. Wa ardhini unahitaji wiki nyingi zaidi, na kwa bahati sisi tuna msimu wa Kaskazi unaotufanyia kazi hio bure. Ukavu wa Januari mpaka Machi, halafu mvua za mwaka (masika) zikipiga mindimu inalipuka kwa harufu. Anayemwagilia kila siku Februari kwa huruma anaiharibu kalenda hio kwa mkono wake.

Bogavilea ndo kiburi kabisa. Ile ilopandwa kandokando ya ukuta ambayo hakuna anayeijali inawaka kama moto, yako ya kwenye mtungi mzuri unaomwagiliwa asubuhi na jioni ni majani tu. Mbane kwenye mtungi mdogo, mpe jua, mnyime maji mpaka udongo ukauke vidole viwili. Ndo hivo tu.

Sasa nyanya yangu. Alikuwa na mwembe uani, mwaka ukigoma anatoka na shoka, anaugonga shina kwa mgongo wa shoka huku anauambia "usipozaa mwaka huu nakutia kuni". Sisi watoto tunacheka mpaka tunaanguka. Kumbe gome lililojeruhiwa linazuia sukari isishuke mizizini, inabaki juu kwenye matawi, na huko ndiko maua yanakotoka. Kwa hivo bibi alikuwa na hoja, vitisho vilikuwa vya ziada. Lakini tafadhali, usikate gome kuzunguka shina lote ukakutanisha. Ukilizungusha likakutana, mizizi inakufa njaa na mwembe wote unakwenda. Kwa anayeanza nasema usiguse shina kabisa, tumia maji na subira.

Hatua ya 6: Pogoa, lakini ujue ua linatokea wapi

Kosa kubwa kabisa la mkasi ni kukata pale ambapo ua lilikuwa linakuja.

Tungule zinazopanda juu: toa vichipukizi vya kwapani, kati ya jani na shina, vikiwa na urefu wa kidole. Vitoe asubuhi, kwa mkono, vinavunjika vizuri. Zile fupi zinazojisimamia zenyewe usizitoe, zinazaa kwenye matawi hayo hayo.

Mboga za kutambaa, matikiti, maboga, mamumunye: shina kuu likishafika majani matano sita, kata kile kilele. Shina kuu linapenda kutoa maua dume, matawi ya pembeni ndo yanayoleta majike. Naitrojeni nyingi na joto nazo zinazidisha madume.

Mpasheni, yasmini na bogavilea: zinatoa maua kwenye chipukizi jipya. Hapa majani mapya ni rafiki yako, kwa hivo ile sheria ya kuukaripia mmea unaokua inageuka. Pogoa vya zamani, lete vipya. Mpasheni ulioachwa miaka mitatu bila mkasi ni shuka la majani makavu ndani na kijani nje, na maua ni ya kutafuta kwa tochi.

Mwembe: ua linatoka kwenye ncha ya tawi lililokomaa. Ukipogoa Mei ama Juni ukidhani unausafisha, umekata ncha zote, mti utajibu kwa majani mekundu na msimu umekwenda. Pogoa mara tu baada ya kuvuna. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1970 na kazi ya Ramon Barba, wakulima wanapulizia naitreti ya potasiamu kwenye matawi yaliyokomaa na mwembe unatoa maua nje ya msimu. Inafanya kazi, lakini kwa tawi lililokomaa tu, lile linalolia kiganjani. Ukipulizia majani mekundu umetupa pesa.

Mndimu: toa machipukizi ya maji, yale yanayotoka shinani wima, manene, yenye miba na majani makubwa kuliko ya wenzake. Hayo ni wageni wanaokula na hawaoshi sahani.

Mgomba: shina moja linazaa mara moja tu. Watoto wakiwa kumi wanamnyonya mama, mkungu unakuwa wa kuchekesha. Bakisha watatu, mama, mtoto na mjukuu. Na kwa wale wanaoniuliza mbegu za ndizi, hakuna, ndizi tunazokula ni tasa kwa asili, nyingi zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, tunda linajijaza bila mbegu na mgomba unaendelezwa kwa chipukizi. Kitunguu thomu hivo hivo, unapanda punje yake, si mbegu.

Hatua ya 7: Saidia maua kushika

Maua yamekuja, usiondoke bado.

Tungule na pilipili zina dume na jike ndani ya ua moja, zinahitaji kutikiswa tu. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi gonga kikonyo kwa kidole, taratibu, kama unagonga mlango wa mtu aliyelala. Lile dude jeusi, nyuki mkubwa anayevuma na kutoboa mbao za paa, ndo linalotikisa vizuri zaidi, kwa hivo ukiliona kwenye tungule zako usilikimbize na ndara.

Maboga na matikiti: ua jike lina kitunda kidogo chini yake, dume lina kikonyo chembamba kitupu. Asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, chuma dume, vua vile vijani vyake vya rangi, ile fimbo ya katikati yenye unga ipake juu ya jike. Ukichelewa mpaka saa tano unga ushachoka.

Pasheni ya njano inafunguka kuanzia adhuhuri mpaka jioni, kwa hivo brashi yako ni ya baada ya chakula cha mchana. Chukua unga wa mpasheni huu upeleke kwa ule mwengine. Na dude jeusi lile lile ndo mfanyakazi wake mkuu, ukimwekea kipande cha mti mkavu karibu anakaa.

Hatua ya 8: Panda kwa wakati

Hii wageni hawaijui. Tungule, joto la mchana likizidi kama digrii 32 na usiku usiposhuka chini ya 24 hivi, unga wa ua unaharibika, ua linaonekana zima lakini ni tasa kwa siku hizo. Hio ndo hali yetu ya Februari na Machi kabisa. Mtu anapanda Disemba, maua yanakuja kilele cha joto, yote yanapukutika, halafu ananilaumu mimi na mbolea yangu. Weka kitalu Mei mahali pamefunikwa na mvua, hamisha Juni, maua yakukute Julai na Agosti wakati Kusi imetupoza. Kaskazi panda bamia, mabilinganya na pilipili mbuzi, hizo joto haziliogopi vile.

Ikiwa umefanya yote na bado kuna shida

*Maua yanakuja, yanaanguka na kikonyo chake.* Angalia kalenda kwanza, kisha maji. Maji ya leo tele kesho hakuna yanaangusha maua sana. Maji ya kisima cha chumvi pia.

*Maboga yanatoa madume tu.* Wiki ya kwanza na ya pili ni kawaida, majike yanachelewa. Wiki ya nne bado? Rudi hatua ya 3 na ya 6.

*Kitunda kinatokea, kinakuwa manjano, kinakuwa pooza.* Hakikupata chavua ya kutosha. Brashi.

*Mwembe umechanua wote halafu maua yakawa meusi ama kama yamepakwa unga.* Hio si kunona, ni ukungu, na ule mweusi ni hasa mvua ikinyesha wakati wa maua. Mwaka ujao fungua matawi ya katikati baada ya kuvuna upepo upite. Na jua kwamba maua mengi ya mwembe ni madume hata mti ukiwa mzima, shada zima likikupa embe moja mbili usilie.

*Mwembe ulizaa sana mwaka jana, mwaka huu hakuna.* Umechoka. Miembe mingi inakwenda mwaka wa mzigo na mwaka wa mapumziko. Usiupe njaa juu ya uchovu.

*Nilikata mbolea, sasa majani ya chini yote ni manjano.* Umevuka. Mpe mboji iliyooza vizuri, viganja viwili kwa ndoo, mara moja, ungoje wiki mbili kabla ya kuongeza.

*Rehani yangu nayo inatoa maua tu, majani hakuna.* Wewe una shida ya kinyume. Kata kila kishada cha maua kinapochomoza, tia samadi kidogo, maji kila siku, na usimnyime kitu.

Ukiamua kunitumia picha baada ya kusoma yote haya, nitumie tatu. Kilele na penseli kando yake, shina pale linapoingia udongoni, na mahali penyewe ulipo mmea saa sita mchana. Na uniandikie mbolea ya mwisho ilikuwa gani na siku gani. Picha ya jani moja juu ya kiganja sijibu tena.